Nilivyohama kwa Baba Bila Kuolewa

Wenzangu mliokulia kule juu Newala, miaka ile ambayo maji tuliyafuata bondeni kwa miguu na kuyapandisha kichwani, mtanielewa. Watoto wa siku hizi wakinisikia wanadhani natunga. Na wazee wenzangu nao wamezuka na maneno yao, eti zamani msichana mwema alitoka kwa wazazi wake kwa njia moja tu: amefunikwa kanga mpya, anasindikizwa kwa vigelegele. Hiyo zamani nilikuwepo. Mimi nilitoka kwa baba nikiwa na miaka kumi na minane, sijaolewa, jembe mkononi.

Kwetu Mkunya tulizaliwa wawili tu, mimi Somoe na mdogo wangu Hamisi, niliyempita miaka miwili. Tulikula ming'oko, vile viazi vya porini, vya kuchemsha asubuhi na ugali wa muhogo kwa kisamvu mchana. Msimu wa korosho ulipofika tulikwenda shule vidole vikinata maji ya mabibo, midomo imebabuka kwa sababu hatukuwa na subira ya kungoja korosho tulizochoma zipoe. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja. Kisha mama angetokea mlangoni na kusema neno lake lile lile: "Somoe, miguu yako ina kazi nyumbani." Miguu ya Hamisi haikuwa na kazi nyumbani. Iliendelea kucheza.

Hamisi alipotoka jando, akiwa na miaka kumi na minne, baba alimwonyesha kipande cha uwanja upande wa mkorosho mkubwa, akamwambia ajenge. Ndivyo ilivyokuwa. Mvulana akishatoka jando halali tena nyumba moja na mama yake. Baba na Hamisi wakakata miti, wakafunga fito, wakaezeka nyasi. Maji ya kukandikia niliyaleta mimi. Nilishuka bondeni asubuhi, nikashuka tena alasiri, na kila nilipofika juu niliyamwaga kwenye udongo na kuukanyaga mwenyewe mpaka nyayo zikapasuka. Kibanda kilipokamilika watu walipita wakakizunguka, wakasema, "Hamisi mwanamume sasa, kajenga."

Siku hiyo nilimuuliza baba, "Na mimi nitajenga lini?"

Baba alicheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa mtu mpole ambaye hata mbuzi walimpanda mapajani. Akasema, "Wewe mumeo atakujengea."

Nami nilikuwa nimeshachezwa unyago, nimeshaambiwa kuwa mimi ni mtu mzima. Lakini mtu mzima huyo alirudi kulala kwenye chumba cha nyuma pamoja na magunia ya makopa ya muhogo na kuku wa mama wanaotamia. Niliyavumilia hayo miaka miwili.

Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikabaki nalima na mama. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye duka Masasi, mzaliwa wa mkoa mwingine, aliyekuwa anapita vijijini kununua mbaazi. Alikuwa mtu wa heshima zake, siwezi kumsingizia. Aliniona naanika muhogo, akatuma watu. Baba akafurahi, akaanza kuvaa kofia yake ya Ijumaa hata siku za kazi.

Nilimwambia mama kwamba simtaki. Mama akaniuliza, "Unamtaka nani?"

"Simtaki mtu. Nataka pa kulala pangu."

Mama aliendelea kupepeta. Nikachukua panga nikaingia porini kukata nguzo.

Mvua zilikuwa zimeanza, kwa hiyo madimbwi yalikuwa na maji na sikuhitaji kushuka bondeni. Nilichagua upande wa pili wa uwanja, nikachimba mashimo manne, nikasimamisha nguzo za pembeni. Kesho yake niliporudi kutoka shamba nikakuta zote zimeng'olewa na kulazwa vizuri kando, maana baba hakuwa mtu wa kuharibu kitu. Nikazifukia tena. Akazing'oa tena, akazilaza tena. Hatukugombana hata mara moja. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitika, "Marahaba," kila mtu akaenda kwenye kazi yake, mimi ya kusimamisha na yeye ya kulaza. Mara ya tatu nilichimba mashimo mpaka mkono ukazama hadi kwapani, nikashindilia kwa mawe. Nilimkuta amekumbatia nguzo moja, anaivuta, jasho linamtiririka, nayo haisogei. Akaiacha, akajifuta uso, akasema, "Haya. Namwita mjomba wako."

Nilijua anachofanya. Kwetu, kwa mambo ya watoto, kaka wa mama ana neno zito kuliko baba mzazi. Mjomba Dadi alikaa Lisekese, huku chini Masasi, na alifika baada ya siku tatu akiwa amevaa koti. Nilipiga magoti nikamwamkia. Akaitikia, akaketi kwenye kiti cha uvivu cha baba, akaziangalia nguzo zangu kwa muda mrefu.

"Somoe," akasema, "watu watasema unajenga ili wanaume waingie."

"Hamisi alipojenga, mjomba, mlimuuliza nani ataingia kwake?"

Hamisi alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake. Akainamisha kichwa, akaanza kuchokonoa ukucha.

"Hamisi ni mwanamume."

"Maji ya nyumba yake nilibeba mimi. Udongo wake nilikanyaga mimi. Kama kujenga ni kazi ya mwanamume, basi mlinipa kazi hiyo nina miaka kumi na sita."

Baba akaingilia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuliko aliyekasirika. "Na yule bwana wa Masasi nimwambieje?"

"Mwambie ninajenga, baba."

Nilijua kwamba mjomba akisema nguzo zing'olewe, nitang'oa mwenyewe, na baada ya mwezi nitakuwa nyuma ya kaunta ya duka Masasi. Mjomba akafungua mdomo. Lakini aliyesema ni mama, ambaye katika vikao vya namna hii kazi yake ilikuwa kuleta uji na kuondoka.

"Kaka," alisema, bado ameshika bakuli, "uwanja huu ni wa mama yetu. Baba Somoe ameukuta alipokuja kunioa, na wewe umeuacha ukaenda kukaa Lisekese. Hamisi hakuombewa ruhusa na mtu. Na huyu asiombewe."

Mjomba alikunywa uji wake wote, polepole, halafu akatoa hukumu. "Basi ajenge. Lakini mlango uangalie kwa mama yake."

Niliitikia kwa adabu, "Ndiyo, mjomba." Aliporudi kwake niliuweka mlango ukiangalia njia ya kwenda barabarani, sawasawa na wa Hamisi. Kwa hilo sijatubu mpaka leo.

Mama alinisaidia kukandika, na nyasi aliziezeka yeye juu ya paa, kanga kiunoni, watu wanapita wanatazama. Waliosema walisema. Kisimani kuna mwanamke aliniita "baba mwenye nyumba", nikaitika. Yule bwana wa mbaazi alioa kijiji cha jirani, na nasikia walipatana vizuri.

Baba hakukanyaga kwangu msimu mzima. Siku moja alasiri mvua kubwa ilimkuta uwanjani, na mlango wa karibu ulikuwa wangu. Akaingia, akasimama katikati, maji yanamchuruzika, akatazama paa la nyasi pembe kwa pembe. "Hapa hapavuji," akasema. Nikamwekea kigoda. Akakaa mpaka mvua ikakatika, akaniuliza mbegu za njugu nimezipata wapi.

Niliishi mle miaka mitano. Posa ya mume wangu ilipokuja, ya mtu niliyemtaka mimi, wazee walimkuta baba barazani wakaanza kumweleza. Baba akawakata kauli, akanyoosha mkono ng'ambo ya uwanja. "Mwenye nyumba yule pale," akasema. "Muulizeni kwanza yeye." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Sasa niko Masasi mjini, nina nyumba ya bati na maji ya bomba yanayokuja yakipenda. Mwanangu wa kiume ana miaka ishirini na tisa, ndevu zimejaa, na bado ananiuliza chumvi iko wapi. Ningempa jembe na kipande cha uwanja, lakini naogopa angenipiga picha nikimwonyesha namna ya kulishika. Dada yake Zuhura, mwenye ishirini na nne, ndiye aliyeniambia kwamba amepata kazi ya mshahara na amepata chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Ndugu wamepiga simu wiki nzima. Msichana hajaolewa, mama yake ana vyumba vinne, anakwenda kutafuta nini? Nimewajibu wote kwamba anakwenda kukaa.

Sisemi kwamba hainiumi. Zamani kuhama kulikuwa hatua ishirini. Nikiwa kwangu nilisikia mama akikohoa, nikasikia anatwanga, nikajua leo kuna kisamvu, nikavuka uwanja na sahani yangu. Siku hizi mtoto akifunga mlango amekwenda, na wewe unabaki na simu inayokuambia kwamba hapatikani. Uhuru wao ni mkubwa kuliko wetu, ila hauna harufu ya jiko la mama ng'ambo ya pili.

Jumamosi nilimshikia godoro tukaliingiza kwenye bajaji, likagoma, tukalikunja, likaingia. Nikamwekea sufuria mbili na kilo kadhaa za mbaazi. Jirani yangu, Mama Salma, alikuwa anafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Akasimama na ufagio wake.

"Mama Zuhura, kulikoni? Binti anaolewa?"

"Hapana," nikamjibu, kwa sauti ya kutosha na nyumba ya tatu wasikie. "Anahama."

Bajaji ikaondoka. Nilisimama pale pale mpaka ikakata kona, na nyuma yangu ufagio wa Mama Salma ukaanza tena.