Mstari Mwekundu Nilioufuta

Mwanangu, siku niliyofuta kwa raba kitu alichokiona rafiki yangu haijanitoka moyoni mpaka leo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikuwa kidato cha tatu hapa Garissa, shule ya bweni ya wasichana. Nilikaa dawati moja na Sahara, binti wa wafugaji wa Elwak. Mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Mwende wa Kitui, ndiye aliyetusimulia habari za wanawake wa Amerika waliokuwa wakishinda kutwa wakikagua picha za mwanga wa nyota. Mwanga huo ukipita kwenye kioo cha pembe tatu hutawanyika kuwa rangi, na katikati ya rangi huonekana mistari myembamba. Kwa mistari hiyo walizipanga nyota makundi makundi, maelfu kwa maelfu. Mmoja wao alianza kama mtumishi wa ndani nyumbani kwa mkuu wa kituo chao cha kutazamia nyota. Mwingine masikio yake yalikuwa mazito. Sifa nyingi zilimwendea mkuu, lakini mpango wao ndio unaotumika hadi leo.

Sisi nasi tukajaribu, kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Washindi wangepelekwa shule ya Nairobi yenye maabara kubwa, na Sahara aliitaka nafasi hiyo kama mtu wa jangwani anavyotaka maji. Tulifunika madirisha kwa blanketi, tukachoma chumvi, tukatazama mwali kupitia kioo. Mstari wa njano ukajitokeza waziwazi. Kisha tukachoma majivu ya mgunga.

"Abaayo, dada yangu, kuna mwekundu pale mwisho," Sahara akasema. "Hafifu sana."

Nilikodoa macho mpaka yakalengalenga machozi. Sikuona kitu.

"Wallahi upo!"

Basi nikauchora kwenye chati kwa neno lake.

Siku tatu kabla ya mashindano akaja mkaguzi wa shule kuipitia kazi yetu. Aliugonga mstari ule kwa kalamu. "Huu nani kauona?"

Sahara alikuwa ametoka kwenda bombani. "Sijui, bwana," nikajibu.

"Mkileta mambo ya kudhania, mtaiaibisha shule."

Alipotoka tu, nikachukua raba. Sikumwambia Sahara. Siku zile tatu, kila alipoisogelea chati iliyokunjwa nilimzushia kazi nyingine. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku ikafika. Hakimu, mama wa makamo, alitusikiliza, kisha akauliza, "Majivu yana mstari mwekundu mwishoni kabisa. Wengi huukosa. Ninyi mliuona?"

Uso wa Sahara ulichanua. Aligeuka, kidole mbele, kuuonyesha. Karatasi ilikuwa nyeupe. Kidole kikabaki hewani. Akanitazama mimi, na nilitazama sakafu. Nafasi ya Nairobi ikaenda kwa wengine.

Nilimwendea Mwalimu Mwende nikilia. Hakunibembeleza. Aliniambia kwamba baada ya wale wanawake alikuja binti mmoja aliyeitumia kazi yao, akagundua kuwa nyota kwa sehemu kubwa ni gesi nyepesi kuliko zote. Msomi mkubwa akamwambia haiwezekani, naye kwa kumhofu akaandika kwamba huenda jibu lake si la kweli. Miaka michache baadaye msomi yule yule akaona kwamba binti alikuwa sahihi.

"Yeye alijifuta mwenyewe," Mwalimu akasema. "Wewe umemfuta mwenzako, tena hayupo. Nenda ukamwambie."

Nikaenda. Sahara alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniita tu, abaayo. Bombani si mbali."

Alinisamehe, lakini hakunionyesha tena alichokiona kwenye kioo. Baadaye alifundisha kemia huko Lafey miaka mingi, na nasikia kila mwanafunzi wake huandika alichokiona kwa macho yake, na jina lake mwenyewe kando.

Basi mwanangu, hofu ni mshauri mwenye haraka. Usimpe kalamu, wala raba. Usichokiona wewe, mwingine anaweza kukiona. Mkubwa akitilia shaka kazi ya mwenzako, mwite mwenyewe aje aseme. Na ukikosea, ungama siku hiyo hiyo, maana kosa likilala huota mizizi.

Allah akupe macho ya kuona, moyo wa kusadiki waonacho wenzako, na ulimi usiokauka mbele ya wakubwa. Amin.