Honi za Bwana wa Mkonge

Enzi za Mjerumani nilikuwa fundi chuma mjini Morogoro. Bwana mmoja wa shamba la mkonge akaniletea pikipiki yake na honi mbili za shaba alizoagiza kwao, maana alitaka watu wampishe njiani. Nikazifunga kwenye usukani, zikamgonga magoti. Nikazifunga juu ya gurudumu la mbele, zikajaa matope. Mwisho nikazifunga chini ya tandiko, mipira yake ya kubinya ikakaa palepale anapokalia. Akafurahi, akanipakia nyuma twende Uluguru kuzijaribu.

Njia yenyewe mashimo matupu, na kila shimo honi zinalia. Angeniuliza, ningemwambia kwamba kule milimani pembe ikilia kuna jambo, na mara nyingi jambo lenyewe ni msiba. Watu wakaacha majembe, wakateremka mbio, wakajaa njia nzima. Pikipiki ikatumbukia mtaroni, bwana chali.

Babu mmoja akasogea akihema. "Tumeitika. Nani amekufa?"

Nikamtazama bwana akitema matope na kunitukana kwa Kijerumani.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Bado, lakini msiende mbali."