Mfuko Uliochanwa Ubavuni

Ndugu yangu mkubwa alinichania mfuko wa saileji, akiba ya chakula cha ng'ombe wangu, kwa panga, na mtamba wangu akatupa mimba. Naliweka hili mbele kabisa, ili anayesoma asije akamhurumia kabla ya kujua alichofanya.

Nilirudi nyumbani Masinga ndoa yangu ilipovunjika. Nilikuwa nimeishi miaka mingi Mumbuni nikishona nguo, na nilirudi na cherehani, godoro na ng'ombe mmoja niliyemnunua njiani kwa ukaidi tu, ili nisionekane nimerudi mikono mitupu. Baba alikuwa bado hai. Hakuniuliza lolote kuhusu mume. Aliita wazee wa ukoo, akatembea nao shambani akiwa na fimbo, akawaonyesha upande wangu, ule unaoteremka kuelekea bwawani. Kisha akapanda minyaa kwenye mpaka kwa mkono wake mwenyewe. Hakuishi kuiona ikikomaa.

Ndugu yangu alikuwa amesimama pale siku hiyo. Baada ya mazishi ndipo aliposema lililokuwa moyoni mwake. Alilisema mbele ya mama, sisi sote tukila.

"Mtoto wa kike aliyerudi ni mgeni. Mgeni hupewa kiti. Hapewi shamba."

Mama alimwambia anyamaze ale. Mimi niliendelea na kazi, na kazi ikakubali. Ng'ombe mmoja akazaa, nikapata wa pili, kisha nikawa na mtamba mweupe mwenye madoa meusi ambaye nilimlea kwa mkono tangu mama yake alipokufa kwa kuumwa na nyoka. Alikuwa akinifuata hadi mlangoni kama mbuzi. Huyo ndiye niliyemtegemea.

Saileji nilijifunza kwa bibi shamba aliyekuwa akipita kwetu kwa pikipiki. Si kazi ngumu, ila haitaki uvivu. Mahindi hukatwa yakiwa bado mabichi, punje ukiibonyeza kwa ukucha inatoa kitu kizito kama uji. Unayapitisha kwenye mashine yakatwe vipande vidogo, shina, jani na gunzi pamoja. Unanyunyizia molasi iliyozimuliwa kwa maji. Kisha unayajaza kwenye mfuko mrefu wa plastiki nene, uliofungwa upande mmoja, na unakanyaga. Unakanyaga hadi magoti yatetemeke, kwa sababu adui ni hewa. Ukimaliza unafunga mdomo wa mfuko kwa kamba ya mpira na kuuacha kivulini. Ukifungua wiki nyingi baadaye, unakuta chakula chenye rangi ya tumbaku na harufu tamu yenye uchachu, na ng'ombe wanakigombania.

Mwaka wa kwanza nilijaza mfuko mmoja tu. Ulilala kando ya ua wa minyaa kama nguruwe mnene. Ndugu yangu alikuja mpakani kutazama.

"Watu wanatafuta mahindi ya kupikia isyo," alisema, "wewe unayafunga kwenye nailoni."

"Kiangazi kikija utaona."

"Nitaona nini? Ng'ombe wa baba walikula nyasi, na walikuwa ng'ombe."

Kiangazi kilipoanza nilifungua mfuko upande wa mdomo wake. Chakula kilikuwa kizuri. Maziwa hayakupungua, na nilikuwa nikijisifu kwa kila aliyepita. Lakini nilipokaribia katikati, nikaanza kukuta mabonge ya joto yenye utando mweupe. Niliyatoa yale niliyoyaona. Mengine sikuyaona. Asubuhi moja nikamkuta mtamba wangu amesimama pembeni ya zizi, mkia umeinuka, na chini yake ndama ambaye hakuwa amekamilika hata manyoya.

Daktari wa mifugo alikuja kwa bodaboda. Alimshughulikia mtamba, akanawa mikono, kisha akaniomba nimwonyeshe chakula. Alinusa. Akasema ni ukungu, na ukungu unaweza kutoa mimba. Tukaugeuza mfuko pamoja. Chini, upande uliotazama ua, palikuwa na mchano mrefu kama mkono wa mtu, umenyooka, na aliyeuchana alikuwa ameziba uwazi kwa nyasi kavu ili usionekane.

"Panya anaweza kufanya hivi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Panya anatoboa," daktari alisema. "Hachani mstari."

Nilimwomba asimwambie mtu. Na mimi sikumwambia mtu, hata mama. Nilisema tu kwamba mtamba ametupa mimba, Mungu ndiye anajua.

Jumapili iliyofuata baada ya misa tulikunywa chai kwa mama, kama kawaida. Ndugu yangu alikuwepo na mke wake. Mazungumzo yakafika kwa mtamba. Wifi yangu akanipa pole kwa moyo, macho yamemjaa machozi, maana naye ni mfugaji. Ndugu yangu akakoroga chai yake.

"Hizi plastiki zenu," alisema. "Kitu kikikatwa upande wa chini, nani atajua?"

Wifi aliweka kikombe chini. Mama alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa amesema neno kuhusu kukatwa. Hakuna aliyekuwa amesema neno kuhusu upande wa chini. Yeye mwenyewe hakutambua alichosema, aliendelea kukoroga.

Nilimaliza chai yangu. Nilimshukuru mama, nikatoka, nikafika nyumbani nikakaa juu ya mabaki ya ule mfuko. Ningeweza kwenda kwa chifu. Chifu angetuita, angetushauri kwamba damu ni nzito, tungepeana mikono mbele ya wazee, na ndugu yangu angekwenda zake akicheka. Sikutaka mkono wake. Nilitaka aishiwe. Nilitaka siku moja asimame mbele yangu na asiwe na pa kwenda.

Mtamba hakushika mimba tena. Nilimpandisha na kumpandisha. Mwishowe nikamuuza, na alipopakiwa alinyoosha shingo akinitafuta. Siku hiyo nilijua nitakachofanya.

Nilikuwa mwanachama wa mwethya, kikundi chetu cha wanawake ambacho hulima leo kwa huyu na kesho kwa yule. Mvua ya vuli ilipokuja vizuri, mahindi yakasimama marefu kila mahali, niliwaambia wenzangu, "Mwaka huu tusilime tu. Tujaze mifuko." Nikawafundisha yote. Tulikodi mashine, tukaisukuma kutoka boma hadi boma, tukakanyaga tukiimba. Nilikanyaga mifuko ya watu hadi nyayo zikapasuka. Watu walisema mtoto wa marehemu ana moyo mzuri. Niliwaacha waseme. Ukweli ni kwamba kila mfuko niliofunga, nilikuwa nikifunga mlango mmoja ambao ndugu yangu angeweza kubisha.

Tulipita langoni kwake na mashine bila kusimama. Wifi alikuwa amesimama hapo, ameshafunga leso kiunoni kwa kazi.

"Kwetu mnakuja lini?" aliuliza.

"Kwenu wanasema nyasi zinatosha," nilimjibu.

Wenzangu walinitazama. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Lakini huyu hana makosa." Nilijua hana. Nikasukuma mashine.

Mifuko yangu mwenyewe, iliyokuwa mingi safari hii, niliilaza palepale mpakani, nikaizungushia seng'enge na kuijengea paa la nyasi. Sikuificha. Nilitaka aamke nayo, alale nayo.

Mvua ya masika haikuja. Mawingu yalipita juu ya bwawa yakaenda kunyesha kwa wengine. Nyasi ziligeuka vumbi, kisha vumbi likapeperuka. Kila asubuhi, upepo ukiwa unavuma kuelekea kwake, nilifungua mfuko na kuwalisha ng'ombe wangu kando ya ua. Ile harufu ilivuka minyaa. Ng'ombe wake wa kienyeji walikuja wakajipanga upande wa pili, mbavu zikihesabika, wakilia. Mbele yao alisimama fahali wake, mkubwa, mwekundu, aliyekuwa akimpeleka maonyesho na kumwosha kwa sabuni kabla ya Krismasi. Fahali yule hakulia. Alitazama tu, mate yakimtoka.

Nilimwonea huruma fahali? Kidogo. Haikunizuia.

Ndugu yangu alikwenda kwa majirani kuomba. Kila mmoja alikuwa na mfuko, na kila mmoja alijua kiangazi ni kirefu. Walimwambia, "Si dada yako ndiye ako na nyingi? Sisi ni yeye alitufundisha." Nilipoletewa habari hizo nilikunywa chai yangu taratibu nikiona utamu wake.

Wifi alikuja kwanza. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Ng'ombe wangu wawili wamelala, hawaamki," alisema. "Wale aliniachia mamangu. Nisaidie."

"Aje mwenyewe."

"Unajua hawezi."

"Basi wasubiri mvua."

Aliondoka bila kuaga. Jioni mama alikuja kwangu akiburuta miguu, akaniambia nimekuwa mtu mbaya. Nikamwambia ndiyo. Akasema baba yangu angeona aibu. Nikamwambia baba alipanda minyaa ile kwa sababu alimjua mwanawe. Mama akaomba maji ya kunywa.

Ndugu yangu alikuja, hatimaye. Asubuhi, kofia mkononi, amekonda kuliko nilivyomwona kanisani.

"Habari ya hapa," alisema.

"Ni nzuri. Tunakula."

"Niko na shida. Fahali hasimami vizuri. Nipe hata magunia machache."

"Kwanza sema ulichofanya."

Aliinamisha kichwa. "Si unajua."

"Mimi najua. Kesho mwethya wanakutana hapa kwangu. Uwaambie wao."

Nilidhani atakataa. Usiku ule nilitamani akatae, ili nisiwe na sababu ya kumpa chochote. Lakini alikuja. Wanawake walikuwa wamekaa chini wakipepeta pojo. Akasimama katikati yao kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mfuko wake wa kwanza," alisema, "ni mimi niliukata."

Hakuna aliyeinua kichwa haraka. Kisha mwanamke mzee kuliko wote, aliyewahi kumbeba mgongoni alipokuwa mtoto, akamuuliza, "Kwa nini?"

"Baba hakuniuliza," alisema mwishowe. "Aligawa shamba na hakuniuliza. Niliona tu fimbo ikitembea."

Sikuwa nimetarajia hilo. Lilinigusa mahali, na nikakasirika kwa kuguswa. Nikasimama.

"Nitampa mke wako mfuko mmoja," nilisema. "Wa ng'ombe wake. Fahali wako hayumo."

"Dada yangu..."

"Hayumo. Na mpaka sifungui. Utabeba kupitia barabarani."

Kutoka kwangu hadi kwake, ukipita mpakani, ni kutupa jiwe. Ukipita barabarani unazunguka maboma yote hadi njia ya bwawa na kurudi. Alibeba gunia baada ya gunia mgongoni, maji ya chakula yakimchuruzikia shingoni, mchana kutwa, na watu wakitoka malangoni kutazama. Mwendesha bodaboda mmoja alisimama akataka kumsaidia. Nilimwambia kwa ukali aendelee na safari yake. Niliketi kivulini nikamtazama ndugu yangu akija na kwenda, na sitasema uongo, nilifurahi. Nilifurahi mwili mzima, kama mtu aliyeoga baada ya safari.

Wifi alilisha wale wake wawili. Mmoja akaamka. Fahali hakungoja. Wafanyabiashara wa nyama walikuja na lori kutoka Kyumbi, wakamvuta kwa kamba kwa sababu hakuweza kupanda mwenyewe. Ndugu yangu aligeukia ukuta wa nyumba yake hadi lori lilipoondoka. Mimi sikugeuka.

Vuli iliyofuata mvua ilinyesha. Wifi yangu sasa yuko kwenye mwethya. Niliwaambia wenzangu wamwite, sikumwita mwenyewe, na aliponishukuru nilimwambia awashukuru wao. Tumezungumza, ameniambia nilichomfanyia hatasahau, na nimemwambia ana haki. Tunakanyaga mfuko mmoja, mkono wake begani kwangu, kwa sababu bila kushikana mtu huanguka.

Ndugu yangu naye hujaza mifuko yake. Anafunga vibaya, anaacha hewa, na mimi simwelekezi. Ila hakuna aliyewahi kuchana mfuko wake, na hakuna atakayeuchana. Tukikutana njiani yeye ndiye huanza salamu. Mara ya kwanza sijibu. Huwa nangoja asalimu tena.

Mama huniuliza nitaacha lini. Juzi aliniuliza tena, tukichambua mboga. Nikamwambia bado sijachoka. Akanisukumia sahani ya mboga ambazo hazijachambuliwa, akasema, "Haya, chambua."