Shimo Tuliloliamkia

Kabla meno ya utoto hayajanitoka, mimi ndiye niliyeiamkia nyota kijijini kwetu. Juu ya nyumba zetu, upande wa milima ya Kilosa, kuna shimo la mviringo lenye ukingo wa mawe kama mdomo wa chungu. Bibi alisema nyota ilianguka pale zamani, ikalala chini. Kiangazi tulichimba maji humo kwa mikono mitupu. Chuma ni ndugu wa nyota, alisema. Ukikishusha, itaamka iondoke na maji. Na kabla ya kuchimba, mtoto wa kike ashuke kwanza, aiamkie.

Mwaka mmoja tangi la shamba la mkonge la Mzungu lilikauka. Watu wa kambini, waliotoka makwao mbali kuja kukata mkonge, wakapanda kwetu na madebe na majembe. Bibi alikuwa kitandani, anaumwa. Nilishuka peke yangu.

"Shikamoo, nyota."

Wakacheka. "Na yenyewe huitikia marahaba?" akauliza baba mmoja mrefu, akiteremka na jembe begani.

"Jembe libaki juu, baba."

"Hee! Kumbe huku nako kuna nyapara!"

Nilikaa palepale penye unyevu. "Mkichimba kwa chuma maji yataondoka. Tutakunywa nini sote?"

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, midomo imemkauka, akasema, "Baba Tatu, weka jembe. Hapa ni kwao."

Akaliweka. Tukachimba kwa vidole mpaka kucha zikauma, na maji yakaja, kwanza tope, kisha safi. Baba Tatu alininywesha mimi kwanza. "Haya, nyapara."

Baadaye mwalimu wa misheni alitufundisha kuwa mwezi umejaa mashimo, na huenda yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Nikanyoosha mkono: "Sisi tunalo moja nyumbani." Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka.

Shule sikuimaliza. Bibi alipofariki nilirudi kumsaidia mama shambani, kwa hiyo sikupata kumuuliza mwalimu habari ya chuma. Pengine chini ya tope lile kuna udongo mwembamba wa mfinyanzi, jembe lingeutoboa maji yakazama. Pengine ni nyota kweli. Sijui.

Ila mwezi ukiwa mpevu mimi huyatazama mashimo yake nikayaonea huruma. Hayana wa kuyaamkia. Letu lilikuwa naye, tena alikuwa mimi.