Mtu wa Inasemekana

Mwandishi wa maelezo katika makumbusho yetu ana vidole vyembamba na sauti ya kubembeleza, na neno analolipenda kuliko yote ni "inasemekana". Kila kibao kinachobandikwa kando ya picha au mkuki hupitia mikononi mwake, na kikitoka huko hakina tena mtu wa kulaumiwa. Mashamba yalichukuliwa. Watu walihamishwa. Akimaliza sentensi kama hiyo huipuliza kidogo, kana kwamba ni chai ya moto. Siku moja mkewe alimpigia simu kumwuliza kama ameshamchukua mtoto shuleni, akamjibu kwamba suala hilo linashughulikiwa.

Juzi, nikiwa nafuta vioo, alikuja mama mmoja mtu mzima, akasimama mbele ya picha ya mzee aliyefungwa kamba, akasoma kwa sauti: "Inasemekana alipigwa risasi." Akamgeukia mwandishi, aliyekuwa amesimama karibu. "Huyu ni babu yangu. Baba ndiye aliyemzika. Na kaburi nalo linasemekana?"

Mwandishi alitoa kalamu, akalikata lile neno palepale. Mama akasoma tena.

"Alipigwa risasi. Na nani?"

"Hilo, mama yangu, bado linajadiliwa," alisema, lakini hakuirudisha kalamu mfukoni. Alimkabidhi mama. Kisha akaenda mlangoni, akauziba kwa mgongo wake, akaanza kumwuliza mlinzi aliyekuwa nje habari za watoto wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka mama alipomaliza kuandika.