Nyota Niliyoisahau Kwenye Wasifu wa Dada

Shule niliishia la saba, ila programu ya bure inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa kurasa naitunza mie. Mstari ukianza na alama ya nyota, inauficha usionekane kwenye ukurasa. Humo nilikuwaga nazika hasira zangu. Juzi nikairekebisha, sikuijaribu, nikachapa nayo wasifu wa dada. Ajali iliyotulaza wote wodini ilimchukua yeye, ikanibakiza mie.

Msibani Segerea binti yake akasoma, kwa sauti ileile ya mama yake: “Josefu, wodini hukuja hata siku moja.”

 Shemeji Josefu, mumewe, akaruka kitini: “Marehemu anaongea!”

Maneno niliyajua: mistari yangu ya nyota, safari hii haikufichwa.

Binti akaendelea: “Elia, haya ya moyoni mwako, msibani yasisomwe.”

Josefu akanigeukia taratibu. “Kumbe marehemu ni wewe, shemeji?”