Sikio la Nyemo

Mnaonitumia ile video tangu asubuhi, nisikilizeni kidogo.

Ndiyo, huyo binti mwenye ualbino anayecheza pembeni ya msanii ni mdogo wangu, Nyemo.

Siku wanarekodi kule Mkonze, juani, walimvua kofia. Eti ngozi yake inang'aa kwenye kamera. Kidonda cha sikioni wakakipaka poda. Nilipolalamika nikaambiwa, "Dada, usituharibie, mbona anapendeza!"

Leo tumerudi hospitali kuchukua majibu ya kipimo cha kile kidonda.

Nesi akamtambua hata hatujakaa.

"Jamani, si wewe wa kwenye video? Una ngozi nzuri wewe!"

Akaomba wapige picha. (Hapo hapo kliniki!)

Nyemo akavua kofia ili apendeze.

Nesi akaona bandeji. Akaishusha simu taratibu.

Daktari akatuita. Ni saratani. Sikio litakatwa.

Msanii kaandika chini ya video, "Jipende ulivyo." Sawa kaka. Ungempenda na kofia yake.

Sasa hivi tuko nje, kwenye benchi. Nyemo ananiuliza:

"Dada, kwenye video sikio langu linaonekana?"

Nikamwambia linaonekana.

"Basi usiifute."